Kumlipa Mhariri Kabla ya Kuchapa Kitabu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Waandishi wa Kiswahili

Majibu yafuatayo yamekusudiwa kwa mwandishi wa Kiswahili aliyekwisha kumaliza mswada wake, uwe wa riwaya, wasifu, diwani au kitabu cha maarifa, na ambaye anajiuliza kama kuna haja ya kumlipa mhariri kabla ya kuupeleka kwa mchapishaji au moja kwa moja kiwandani ukachapwe. Mimi ni mhariri wa kujitegemea, kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba nina masilahi katika jambo hili, na ayapime majibu yangu kwa kuzingatia hilo.

Kiswahili ni lugha yangu ya kuzaliwa. Kwa nini nimlipe mtu anisahihishie lugha yangu mwenyewe?

Huenda unakijua Kiswahili kuliko mhariri wako, na bado ukamhitaji. Mwandishi anayeusoma mswada wake kwa mara ya kumi hasomi tena kilichoandikwa. Anasoma alichokusudia kuandika, na neno lililoruka analijaza kichwani bila kujitambua. Anajua kwamba shangazi anayetajwa katika sura ya kwanza ndiye Mwanaidi wa sura ya sita, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyemuumba, ilhali msomaji hajaambiwa hivyo popote. Mhariri hana siri hizo. Alicho nacho ni karatasi tu, kama atakavyokuwa nayo mtu aliyenunua kitabu chako dukani akiwa hakujui wala hajawahi kukusikia ukikisimulia.

Chukua mfano wa aina ambayo hutokea katika karibu kila riwaya inayopita miaka mingi. Ukurasa wa 14 unasema kwamba Zuhura ana umri wa miaka 19 mwaka 1978. Ukurasa wa 96 Zuhura huyohuyo anakumbuka alivyopeperusha bendera siku ya Uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961, akiwa mwanafunzi wa darasa la tano. Ukipiga hesabu, siku hiyo Zuhura alikuwa na umri wa miaka 2. Mwandishi hakuliona kosa hilo kwa sababu kurasa hizo mbili aliziandika kwa kupishana miezi mingi, na kila moja peke yake haina dosari. Mhariri anayefanya kazi yake sawasawa huandika pembeni tarehe, umri, majina na uhusiano wa wahusika tangu ukurasa wa kwanza, kisha kila jambo jipya hulilinganisha na orodha hiyo.

Upande wa lugha pia una mitego yake, hata kwa aliyezaliwa nayo. Wengi wetu huzungumza vizuri kuliko tunavyoandika, kwa kuwa katika mazungumzo sauti, uso na mkono hutusaidia, na hakuna anayesikia kama "kwa sababu" limeandikwa kwa neno moja au mawili.

Hasa mhariri hufanya nini? Si ni kusahihisha tahajia tu?

Kazi hii ina ngazi tatu, na ugomvi mwingi kati ya waandishi na wahariri huanza pale ambapo mmoja alidhani analipia ngazi moja na mwenzake akafanya nyingine.

Ya kwanza ni uhariri wa maudhui na muundo. Hapa mhariri anauliza kama kitabu kinaanzia mahali panapofaa, kama sura ya nne inapaswa kuwa ya pili, kama hoja imethibitishwa au imerudiwa tu kwa maneno mengine, na kama kuna mhusika anayeweza kuondolewa bila msomaji kumtafuta. Matokeo yake huwa barua ndefu ya maelezo, pengine ya kurasa kadhaa, na kazi ya kurekebisha hubaki kwa mwandishi.

Ya pili ni uhariri wa lugha, ambao hupita sentensi kwa sentensi. Hebu tuitazame sentensi moja kwa karibu:

"Ilipofika saa 8:00 asubuhi Mzee Hamisi aliamka kutoka kitandani kwake na akaenda nje kwa ajili ya kuangalia kama kulikuwa na mtu yeyote ambaye alikuwa amekuja kwa ajili ya kumtembelea."

Baada ya kuhaririwa inaweza kusomeka hivi: "Saa 2:00 asubuhi Mzee Hamisi aliamka, akatoka nje kuangalia kama kuna mgeni."

Saa nane ya asubuhi haipo katika Kiswahili. Mwandishi alikuwa akifikiri kwa saa za Kiingereza. Kiambishi "-ka-" kinabeba mfululizo wa matendo chenyewe, kwa hiyo "na" iliyowekwa mbele ya "akaenda" haina kazi. "Mtu yeyote ambaye alikuwa amekuja kwa ajili ya kumtembelea" tayari ana jina katika lugha yetu, naye ni mgeni. Hata hivyo, ninaloliona kuwa la thamani zaidi ni swali ambalo mhariri angeliandika pembeni mwa sentensi hiyo: "Sura ya pili inasema Mzee Hamisi hawezi kutembea bila mkongojo. Hapa ametoka nao?" Sentensi fupi huipata mwandishi yeyote makini akijitahidi. Mkongojo uliosahauliwa huonwa na mtu wa pili.

Ngazi ya tatu ni kusoma prufu, na hufanyika baada ya kurasa kupangwa, kitabu kikiwa katika sura kitakayokuwa nayo kikichapwa. Waandishi wengi huiruka hatua hii wakidhani kwamba mswada uliohaririwa vizuri hauwezi kupata makosa mapya. Hupata. Programu za kupanga kurasa, zikiachwa katika mipangilio ya Kiingereza, hukata maneno ya Kiswahili mwishoni mwa mstari mahali pasipostahili, na "kinyume" likawa "kin-" juu na "yume" chini, ilhali silabi zake ni ki-nyu-me. Alama ya ritifaa katika "ng'ombe" huweza kugeuzwa ikawa alama ya kufungulia usemi. Kichwa cha sura hubaki peke yake chini ya ukurasa, na yaliyomo huonyesha nambari za kurasa za toleo la awali la faili.

Je, mhariri pia huthibitisha ukweli wa mambo niliyoyaandika?

Kwa kiasi, naye mhariri mzuri hushtuka pale ambapo jambo halimkai sawa. Mhusika akipanda basi la kutoka Arusha kwenda Nairobi mwaka 1979 na kuvuka Namanga bila shida yoyote, mhariri anapaswa kukumbuka kwamba mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari 1977 na haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Familia ya Dar es Salaam ikiketi mwaka 1985 kutazama taarifa ya habari ya kituo cha televisheni cha jijini humo, atauliza ni kituo gani, kwa sababu Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970 lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chake hadi miaka ya 1990. Wasomaji waliokuwepo wanakumbuka mambo haya, na mmoja akikunasa katika ukurasa wa 20 ataanza kukutilia shaka hadi wa mwisho.

Pamoja na hayo, wajibu wa ukweli unabaki kwa mwandishi. Kitabu cha tiba, sheria au kilimo kinahitaji kusomwa na mtaalamu wa fani hiyo, na hilo ni jukumu tofauti na uhariri.

Nina rafiki ambaye ni mwalimu wa Kiswahili. Hawezi kunisaidia bure?

Anaweza kukusaidia sana, na ninashauri mswada usomwe na marafiki wawili watatu kabla ya kumfikia mhariri. Tatizo la msaada wa bure ni kwamba hauna tarehe ya kumalizika wala kiwango cha kudai. Rafiki atasoma kurasa 40 za mwanzo kwa bidii, kisha mitihani ya muhula itaingia, nawe utaona haya kumkumbusha. Pia atapunguza ukali. Mwalimu amezoea kutafuta makosa ya sarufi katika insha ya ukurasa mmoja au miwili. Kufuatilia mtiririko wa kitabu cha kurasa 200 ni ujuzi mwingine, ingawa wapo walimu wengi walio nao na baadhi yao wamekuwa wahariri hodari.

Programu za kompyuta zinazokagua lugha hazitoshi?

Zitumie, lakini ujue mipaka yake. Programu ya kukagua tahajia hutambua neno lisilokuwemo katika orodha yake. Haitambui neno sahihi lililokaa mahali pasipo pake. Ukiandika "tulifika mahari pa mkutano" haitasema kitu, kwa sababu mahari ni neno halali, na ndugu wa bibi harusi wanalifahamu vyema. Vivyo hivyo kwa "kula" na "kura". Katika jamii zinazochanganya sauti za r na l, makosa ya namna hii ni mengi, na yanapita katika kila kichujio cha mashine.

Programu mpya za akili bandia zimepiga hatua, nazo hurekebisha upatanisho wa kisarufi kwa kasi ya kushangaza. Ninalozilaumu ni kwamba huchukua kila sauti na kuifanya moja. Bibi wa Pemba, kondakta wa Kariakoo na mwanasheria wa Mombasa wote huanza kuzungumza kwa Kiswahili kilekile cha taarifa rasmi, tena chenye mpangilio wa sentensi za Kiingereza. Mwandishi asiyekuwa mwangalifu hupokea maandishi yasiyo na kosa na yasiyo na mtu ndani yake.

Mchapishaji si ana wahariri wake? Kwa nini nilipe mimi?

Ikiwa mswada wako umekubaliwa na kampuni ya uchapishaji iliyo imara, uhariri ni sehemu ya gharama zake, na hupaswi kutozwa. Kampuni inayokudai fedha za uhariri, kisha fedha za jalada, kisha fedha za kuchapa, haijawekeza chochote katika kitabu chako. Inakuuzia huduma, na ni vyema uijue hivyo kabla ya kutia saini.

Swali ni kama mswada utakubaliwa. Msomaji wa miswada katika kampuni ana rundo mbele yake, naye huamua mengi katika kurasa chache za mwanzo. Hali ni hiyohiyo katika mashindano. Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea pia miswada ambayo haijachapishwa. Mswada uliopita mikononi mwa mhariri hauhakikishiwi ushindi, lakini haumfanyi jaji akwame kwenye upatanisho wa ngeli wakati anatafuta hadithi.

Anayejichapishia yuko katika hali tofauti kabisa. Kiwanda cha uchapaji huchapa faili uliyoileta kama ilivyo. Hakuna mtu pale aliyeajiriwa kukuuliza kama jina la mhusika limeandikwa kwa namna mbili, na nakala 500 zikishatoka zimetoka. Kwa mwandishi wa namna hii, ningesema mhariri aje kabla ya mchoraji wa jalada katika bajeti. Ninajua kwamba ushauri huu haupendwi, kwa kuwa jalada ndilo linalopigwa picha na kusambazwa WhatsApp.

Vipi kuhusu ithibati ya vitabu vya shule? Haichukui nafasi ya mhariri?

Haichukui. Ukaguzi wa lugha ya vitabu katika Afrika Mashariki ni wa zamani. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilikuwa na jukumu la kupitia miswada na kuidhinisha Kiswahili chake. Leo nchini Tanzania BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, hutoa ithibati ya lugha, Taasisi ya Elimu Tanzania hutathmini vitabu vya kiada, na nchini Kenya kazi ya kutathmini hufanywa na KICD, taasisi ya ukuzaji wa mitaala. Vyombo hivi hukubali, hukataa au huagiza marekebisho. Anayeyafanya marekebisho hayo ni mwandishi na mhariri wake, na mswada uliokwenda ukiwa mbichi hurudi na orodha ndefu.

Ninaogopa mhariri atabadilisha sauti yangu. Hofu hii ina msingi?

Ina msingi. Wapo wahariri wanaoandika upya kila wanachokigusa, na mwandishi akikisoma kitabu chake baadaye hajitambui humo. Mhariri mzuri hutofautisha kosa na chaguo. Mhusika mzee wa Lamu akisema kwa Kiamu, au mfanyabiashara wa Lubumbashi akizungumza Kiswahili cha Kongo, hilo si kosa la kusahihishwa. Ni sehemu ya uhusika wake, na kazi ya mhariri ni kuhakikisha kwamba anaendelea kuzungumza hivyo hadi mwisho na kwamba msomaji wa Mwanza hapotei kabisa. Msimulizi akianza kuandika "kitu ambayo" katika maelezo yake mwenyewe, hilo ni jambo jingine.

Ulinzi wako mkubwa ni kudai kwamba kila badiliko lionekane. Programu ya Word humwezesha mhariri kuacha alama ya kila alichokigusa: kilichofutwa hukatwa mstari, kilichoongezwa hutokea kwa rangi, na maswali hukaa pembeni mwa ukurasa. Wewe hukubali au hukataa badiliko mojamoja. Mhariri anayekurudishia faili safi isiyo na alama yoyote, akisema "nimemaliza", amekunyima nafasi ya kujua alichokifanya.

Nitumie Kiswahili cha Tanzania au cha Kenya?

Tumia cha wasomaji wako, na uwe na msimamo. Mwandishi wa Kenya ataandika "shule ya upili", "kwa hivyo" na pengine "tarakilishi". Wa Tanzania ataandika "shule ya sekondari", "kwa hiyo" na "kompyuta". Hakuna sababu ya mmoja kumsahihisha mwenzake. Kinachochosha ni kitabu kinachochanganya yote katika ukurasa mmoja bila mpango, au kinachoandika "onyesha" hapa na "onesha" pale.

Kwa hiyo, mwanzoni mwa kazi, mhariri na mwandishi hukubaliana kamusi ya kurejelea. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1981, ndiyo inayotumiwa na wengi. Ipo pia Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, na kwa anayeandikia Zanzibar ipo Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar. Kamusi hizi hazikubaliani katika kila neno. Baada ya kuchagua, mhariri hutengeneza karatasi ya maamuzi: jinsi ya kuandika nambari, tarehe, vyeo, majina ya kigeni na maneno yenye tahajia mbili. Omba upewe nakala ya karatasi hiyo, kwani itakufaa katika kitabu chako cha pili.

Diwani ya mashairi ihaririwe?

Ihaririwe, lakini na mtu anayeijua arudhi, yaani kanuni za ushairi. Katika shairi la mizani (silabi) 16 kwa mshororo, yaani 8 katika kila kipande, mhariri wa nathari anayebadilisha "ila" kuwa "lakini" kwa nia njema ameongeza mizani moja na kuuvunja mshororo. Mbaya zaidi ni yule asiyefahamu inkisari na mazida, yaani kufupisha na kurefusha neno ili mizani itoshe, akakutana na "sinipe" na kuisahihisha kuwa "usinipe". Kabla ya kumpa mtu diwani yako, mpe ubeti mmoja wenye kosa la vina unalolijua mwenyewe, uone kama atalikamata.

Gharama ni kiasi gani?

Hutofautiana kwa nchi, kwa ngazi ya uhariri na kwa hali ya mswada, kwa hiyo ninaona ni bora kukueleza namna ya kuipima bei uliyotajiwa. Wahariri hutoza kwa neno, kwa ukurasa au kwa kazi nzima. Anayetoza kwa ukurasa, muulize ukurasa wake una maneno mangapi. Desturi katika taaluma hii ni maneno 250, wala si ukurasa wa kompyuta uliobanwa kwa herufi ndogo.

Tuseme mswada wako una maneno 60,000. Hizo ni kurasa 240 za kihariri. Mhariri wa lugha akienda kwa mwendo wa kurasa 6 kwa saa, atahitaji saa 40, yaani wiki nzima ya kazi ya ofisini, na hapo hajarudia kuusoma. Sasa chukua bei aliyokutajia uigawe kwa 40. Ukiona kwamba saa yake moja inakugharimu chini ya unavyomlipa fundi anayekuja kutengeneza bomba, ujue kwamba kwa bei hiyo mtu hawezi kusoma mswada wote kwa makini na akamudu maisha. Ama atauruka, ama ataupitisha kwenye programu na kukurudishia.

Mwandishi mwenye fedha kidogo anaweza kulipia sehemu. Ningemshauri alipie uhariri wa kina wa sura mbili za mwanzo, ajifunze kutokana na alama za mhariri, kisha arekebishe sura zilizobaki kwa mkono wake na kumrudia mhariri kwa usomaji wa prufu. Wengi wetu tunaukubali mpango huu.

Nitamjuaje mhariri anayefaa?

Mpe kurasa tatu hadi tano za katikati ya mswada azihariri kwa majaribio. Usimpe za mwanzo, kwa kuwa hizo umezisoma mara nyingi na zimekwisha kunyooka. Ni haki kumlipa kwa majaribio hayo, ingawa baadhi hawatozi. Akirudisha kazi, usihesabu alama nyekundu. Tazama kama anaweza kueleza sababu ya kila moja, kama ameuliza maswali, na kama kuna mahali ambapo ameacha kugusa kwa sababu palikuwa sawa.

Tafuta pia vitabu alivyovihariri. Vingi hutaja jina la mhariri katika ukurasa wa haki, ule wenye jina la mchapishaji, mwaka na ISBN, nambari ya kutambulisha kitabu, au katika shukrani za mwandishi. Zaidi ya yote, hakikisha amezoea aina ya kitabu chako, kwani mhariri wa ripoti za mashirika anaweza kuwa bingwa wa kazi yake na bado akashindwa kuona kwamba mazungumzo ya wapenzi katika riwaya yako yanasikika kama mkutano wa kamati. Shahada ya Kiswahili ni jambo jema, lakini peke yake haimfanyi mtu kuwa mhariri.

Makubaliano yetu yawe na mambo gani?

Yawe ya maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja uliotumwa kwa barua pepe. Yataje ngazi ya uhariri, idadi ya maneno, tarehe ya kukabidhi, idadi ya mizunguko ya marekebisho, na malipo. Utaratibu wa nusu mwanzoni na nusu baada ya kukabidhi umezoeleka, iwe kwa benki au kwa simu. Yaseme wazi kwamba hakimiliki yote inabaki kwa mwandishi na kwamba mhariri hatauonyesha mswada kwa mtu mwingine bila ruhusa. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2001, lakini kesi ni ghali kuliko karatasi. Anayedai asilimia ya mirahaba, yaani mgawo wa mwandishi katika mauzo, badala ya malipo ya kawaida, mkatalie kwa upole, isipokuwa kama kweli ameandika sehemu ya kitabu.

Ni wakati gani nimtafute, na nijiandae vipi?

Mtafute pale ambapo wewe mwenyewe huoni tena cha kurekebisha. Kumpa mhariri rasimu ya kwanza ni kumlipa akufanyie kazi uliyoweza kuifanya bure. Uache mswada wiki kadhaa, kisha usome kwa sauti. Masikio hukamata urudiaji ambao macho yameuzoea. Tafuta kwa kompyuta maneno unayojijua kuyapenda mno, kama "kwa ajili ya" na "ambaye". Tenganisha "kwasababu", unganisha "ata kuja", hakikisha kila sura imeanza ukurasa mpya, na ukabidhi faili moja badala ya kumi na mbili zenye majina yanayofanana. Usiendelee kuandika wakati mhariri ana mswada. Mwandishi anayetuma "toleo jipya" katikati ya kazi humlazimisha mhariri aanze upya, na hiyo kwa kawaida hutozwa.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Naruhusiwa kumpa mhariri tasnifu yangu?

Soma kanuni za chuo chako na umwarifu msimamizi wako kabla ya kuanza. Kwa kawaida mhariri huweza kurekebisha tahajia, sarufi, uwazi wa sentensi na mpangilio wa marejeleo. Hoja, uchambuzi wa data na hitimisho vinabaki vya mwanafunzi. Anayejitangaza kwamba "atakuandikia" tasnifu si mhariri, na cheti kilichopatikana kwa njia hiyo kinaweza kufutwa hata baada ya miaka mingi.

Nisipokubaliana na mhariri wangu?

Jina lililo kwenye jalada ni lako, na neno la mwisho ni lako. Nakuomba tu utofautishe aina mbili za mabishano. Mhariri akisema sentensi haieleweki, huwezi kumshinda kwa kumweleza ulichomaanisha, kwa sababu hutakuwepo kumweleza kila mnunuzi. Irekebishe, hata kama si kwa njia aliyoipendekeza. Akisema tukio fulani halimpendezi, hayo ni maoni yake. Mara nyingi mhariri huwa sahihi kuhusu mahali penye tatizo na akakosea kuhusu dawa yake.

Kuna maandishi yasiyohitaji mhariri wa kulipwa?

Yapo mengi. Barua za kawaida, kumbukumbu za familia zitakazosomwa na ndugu, rasimu za mazoezi na makala fupi za gazeti ambalo tayari lina dawati lake la uhariri. Usitumie fedha hapo.

Nimelipa mhariri, kitabu kimechapwa, na bado nimeona makosa. Nifanye nini?

Hakuna mhariri anayeweza kuahidi kitabu kisicho na kosa hata moja, na anayeahidi hivyo usimpe kazi. Kwanza angalia kosa liliingia lini, kwa kulinganisha na faili ya mwisho aliyokukabidhi, kwa kuwa mengi huingia wakati wa kupanga kurasa. Ikiwa makosa ni yake na ni mengi kupita kiasi, mkataba ndio utakaoamua kama atarudia kazi bila malipo. Kosa linalopotosha maana, kama kipimo cha dawa au jina la mtu halisi, litolewe karatasi ya masahihisho na kutiwa ndani ya kila nakala ambayo haijauzwa. Madogo yaandikwe katika faili moja, kila moja na ukurasa na mstari wake, yakisubiri uchapaji wa pili. Kurekebisha makosa ya chapa pekee hakuhitaji ISBN mpya. Ukibadilisha maudhui kwa kiasi cha kuliita toleo jipya, utahitaji nambari nyingine, ambayo Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba na Kenya na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa.